Dishi la vioo limegoma: anza kwenye jua, malizia kwenye injini

"Shikamoo fundi. Injini yangu imekufa."

"Marahaba. Imekufa, au haijapata moto?"

Akanyamaza kidogo. "Hapo sasa ndipo sijui. Nimeshaifungua yote, ipo mezani."

Simu za namna hii nimezizoea. Mtu katafuta dishi la zamani la satelaiti la futi sita, kabandika vioo mwezi mzima, katundika boila au injini ya Stirling (ile inayozungushwa na joto la nje) mbele yake, kaunganisha dinamo, na taa haiwaki. Mkono wake wa kwanza unakwenda kwenye injini, kwa sababu ndiyo yenye skrubu. Lakini mwanga una safari yake: hutoka angani, ukagonga kioo, ukakusanyika kwenye fokasi, yaani pale miale inapokutana, ukaingia kwenye kipokezi kinachobeba joto, ndipo injini ipate riziki. Makosa mengi niliyoyakuta yalikuwa kabla ya injini. Kwa hiyo fuata mwanga kwa mpangilio wake, na spana ikae kwenye boksi.

Mifano yangu yote ni ya dishi la kipenyo cha sm 180 lenye kina cha sm 29 katikati, lile ambalo kichwa chake hukaa katikati juu ya vyuma vitatu. Kama lako ni tofauti, tafuta fokasi hivi: kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa kina mara 16. Kwa langu ni 32,400 kugawanya kwa 464, yaani sm 70 kutoka kitovu cha dishi. Yale madishi madogo ya siku hizi, yenye mkono mmoja unaotokea chini, fokasi yao haiko katikati. Ukilielekeza dishi hilo kwenye jua kama sahani ya kawaida utapata mkia wa mwanga usio na kichwa. Kwenye hayo fokasi iko pale pale kilipokuwa kichwa cha satelaiti, na sahani yenyewe huonekana kama inatazama pembeni ya jua.

Kabla ya kugusa

Funika vioo kwa turubai kila unapofanya kazi karibu na fokasi, au fanya kazi hiyo alfajiri. Vaa miwani myeusi ya kuchomelea unapotazama doa la mwanga, na usiwaache watoto wazunguke. Boila isiyo na vali ya usalama ni bomu: maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Na dishi likiwa halitumiki, lisiachwe likitazama juu. Jua linatembea, na fokasi inatembea nalo mpaka ikute kitu cha kuchoma. Jengo la 20 Fenchurch Street, London, halikujengwa kuchoma kitu, lakini ukuta wake wa vioo uliojikunja ulikusanya jua la mwaka 2013 ukayeyusha sehemu za gari lililokuwa limeegeshwa barabarani.

Paneli ya jirani inachaji, dishi halichemshi hata chai

Angalia anga kwanza. Paneli ya kawaida hula mwanga wa kila upande, ule unaotoka kwenye jua lenyewe na ule uliotawanywa na mawingu na unyevu. Kioo na lenzi vinakusanya wa moja kwa moja tu. Kiwingu chembamba ambacho kinampunguzia jirani kidogo kinaweza kukuacha wewe bila kitu kabisa, na hapo hakuna kilichoharibika.

Simama kivulini ili ukingo wa paa ulizibe jua, kisha tazama anga iliyo jirani na ukingo huo. Ikiwa ya buluu mpaka karibu kabisa na jua, uko vizuri. Ikiwa nyeupe kama maziwa yaliyochujwa, mwanga mwingi umeshatawanyika. Au tazama kivuli chako ardhini: kivuli chenye ukingo mkali ni dalili njema, chenye ukingo unaoyeyuka ni siku ya kupumzika. Ndiyo maana dishi lililofanya vizuri Singida au Lodwar linaweza kumwaibisha mwenyewe akilihamishia Dar es Salaam au Mombasa, ambako unyevu wa bahari hautoki angani.

Doa ni kubwa, au yako mawili, au lina mkia

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu. Chukua ubao wa msonobari, mpana kuliko fokasi, uweke pale sm 70, elekeza dishi kwenye jua, ondoa turubai kwa sekunde tano, funika tena. Ubao utakuandikia barua.

Alama nyeusi ya mviringo yenye ukingo unaoonekana wazi: vioo vyako viko sawa. Alama yenye mkia kama mkato wa maandishi: vioo ni vizima ila dishi halikulielekea jua sawasawa, rudi kwenye shabaha. Alama mbili zilizoachana: fremu imepinda, mara nyingi kwa sababu dishi lilibebwa kwenye bodaboda au lilikunjwa pale vipande vyake vinapoungana. Funga uzi kutoka ukingo hadi ukingo, na mwingine ukikatiza wa kwanza. Nyuzi zinatakiwa zigusane katikati bila kusukumana. Zikiachana, au mmoja ukiubana mwenzake, sahani imepinda. Ubao ukibadilika rangi tu kuwa kahawia kila mahali: mwanga umesambaa, na hapo sababu ni vioo vyenyewe.

Vioo bapa haviwezi kukupa doa dogo kuliko vyenyewe. Jua si nukta, lina upana wa nusu digrii hivi angani, na kwa fokasi ya sm 70 taswira yake peke yake ni milimita 6 na nusu. Ukibandika vipande vya sm 5 kwa sm 5, doa litakuwa sm 5 na nusu na ushee, na mwanga utakuwa umekusanywa kama mara 800. Ukiwa mvivu ukakata vya sm 10, doa ni karibu sm 11 na mkusanyo unashuka hadi kama mara 220. Vipande vya sm 5 vinavyotakiwa ni kama elfu moja, najua, nimevikata.

Halafu kuna suala la gundi. Kipande kikiinama digrii moja, mwanga wake unapinda digrii mbili, kwa sababu kioo huzidisha kosa lake maradufu. Kwa sm 70 huo ni mkengeuko wa milimita 24, yaani nusu ya doa lako iko nje. Na digrii moja kwenye kipande cha sm 5 ni unene wa gundi usiofika milimita moja upande mmoja! Kwa hiyo weka tone moja dogo katikati, kandamiza sawasawa, usipake kama siagi kwenye mkate.

Karatasi ya alumini ya jikoni inaakisi vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila mikunjo yake inarusha mwanga kila upande. Kwa kupikia inafaa. Kwa kuzungusha injini sijaona ikifaa.

Saa nne lilikuwa kali, saa tano limepoa

Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, digrii moja kila dakika nne. Katika dakika hizo nne tu, doa letu limehama milimita 12. Mtu akienda kunywa chai akarudi, fokasi iko kwenye nguzo. Hata wakubwa hupatwa: Mei 2016, katika kituo cha umeme wa jua cha Ivanpah kule California, vioo vilivyokosa shabaha vilielekeza mwanga kwenye sehemu ya mnara isiyokuwa ya kupokea moto, nyaya zikaungua.

Ukitumia jeki ya dishi (mkono wa mota unaolisukuma) na saa ya kidijitali, hakikisha mambo mawili. La kwanza ni saa yenyewe. Saa zetu zinafuata mstari wa digrii 45 mashariki, lakini Dodoma iko karibu digrii 36. Jua la Dodoma hufika juu kabisa baada ya saa sita na nusu hivi, likicheza hadi robo saa hivi huku na huku kulingana na mwezi. Aliyeanzisha mtambo wake saa sita kamili ya simu amekosea karibu digrii 9 kabla hajaanza. Mombasa kosa ni dogo, dakika ishirini hivi.

La pili ni mhimili, na hapa ndipo yule kijana wa simu aliponaswa. Alikuwa amefuata mchoro wa Ujerumani, sentimita kwa sentimita. Mhimili wa kuzungusha dishi unatakiwa uwe sambamba na mhimili wa Dunia. Ujerumani unasimama digrii 50 hivi kutoka ardhini, ukitazama kaskazini. Dodoma ni digrii 6 tu, na unatazama kusini. Kwetu bomba hilo hulala karibu bapa, kaskazini hadi kusini, kama mshikaki juu ya jiko. Kwa bomba la mita mbili, ncha ya kusini iinuliwe kuliko ya kaskazini kwa sm 21. Nairobi ni sm 4 na nusu tu. Yeye alikuwa amechomelea digrii 50 kuelekea kaskazini, na kila siku alikuwa analisukuma dishi kwa mkono akidhani jeki ni mbovu.

Ukiwa umechagua mtindo mwingine, wa kuzungusha dishi kulia na kushoto kisha juu na chini, tatizo lako litakuja mchana. Kwetu jua hupita karibu utosini, na linapopita hapo dishi linatakiwa ligeuke upande mzima kwa dakika chache. Mota haiwahi. Dalili yake ni kwamba asubuhi na jioni liko sawa, ila katikati ya siku linapotea kabisa, kisha linarudi lenyewe. Hakuna mota ya kuponya hilo kwa bei nafuu. Laza mhimili.

Wolfgang Scheffler alilitatua hili kwa namna yake. Kioo chake cha kwanza kilichofanya kazi vizuri, cha mwaka 1986, kilitumika kwenye misheni kaskazini mwa Kenya: kioo kinazunguka kwenye mhimili sambamba na wa Dunia, na fokasi inabaki mahali pamoja. Boila halihami, mpishi hahami. Kama bado hujachomelea chochote, anza na huo.

Machi lilifanya kazi, Juni limekufa

Ni jua lile lile, limehama njia. Dodoma jua hupita utosini mapema Machi na tena mapema Oktoba. Mwishoni mwa Juni saa ya mchana liko karibu digrii 30 kaskazini ya utosi, na Desemba liko digrii 17 kusini. Karibu na Machi 21 na Septemba 23 linahama kwa kasi zaidi, digrii 0.4 kwa siku, na wiki moja tu inatosha kulitoa doa sm 3 na zaidi. Weka skrubu ndefu ya kurekebisha kaskazini na kusini, na uiguse kila baada ya siku mbili tatu. Watu wengi hufunga sehemu hiyo kwa kuchomelea, halafu mwezi unaofuata wananipigia.

Mwaka jana lilikuwa kali, mwaka huu ni vuguvugu

Vumbi. Kwenye kioo chenye rangi mgongoni mwanga hupita kwenye vumbi mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Osha alfajiri kioo kikiwa baridi na umande bado upo, kwa maji laini na sifongo. Usifute kikavu: mchanga wa Dodoma ni msasa.

Ukishaosha na bado kuna madoa meusi yanayotambaa kutoka kingoni, hiyo si takataka, ni fedha ya mgongo wa kioo inayoliwa. Sababu ni mbili: unyevu, hasa wa pwani wenye chumvi, na silikoni. Ile silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, nayo hula mgongo wa kioo polepole. Tafuta ile isiyo na harufu hiyo, na kingo za kila kipande zipakwe rangi ya mafuta kabla ya kubandika. Vioo vilivyokwisha kuliwa havitibiki, ving'oe.

Angalia pia kioo ukingoni. Kikiwa kijani kibichi, kina chuma ndani yake, na chuma hicho kinakula sehemu ya mwanga. Mitambo mikubwa ya umeme wa jua kama Noor ya Ouarzazate, Morocco, hutumia kioo cheupe kisicho na chuma kingi. Dukani kwetu chagua tu chembamba zaidi.

Doa linatoboa ubao, boila haipandi

Sasa tumefika kwenye kipokezi, na kosa la kawaida ni ukubwa. Mtu anatundika sufuria la presha zima mbele ya doa la sm 5 na nusu. Moto unaingia kwenye kiganja kimoja na kutoka kwenye mwili mzima. Chuma cheusi chenye nyuzi 300 hutoa kama wati 6,000 kwa kila mita ya mraba kwa kung'aa tu, bila kuhesabu upepo. Sufuria lenye uso wa sehemu ya kumi ya mita ya mraba linatupa wati 600 hewani, theluthi ya ulichokusanya. Likifika nyuzi 600, hasara inazidi mara tano.

Tumia bomba lililosokotwa mfano wa kikombe, mdomo wake mkubwa kidogo kuliko doa, ndani jeusi, nje limefungwa pamba ya kioo (ile inayowasha mikono) na bati juu yake. Mwanga ukiingia humo hautoki kirahisi. Rangi nyeusi iwe ya ekzosi. Rangi ya kawaida huungua ikageuka majivu meupe siku ya kwanza, na hiyo nayo ni dalili: kipokezi cheupe ni kipokezi kinachokataa mwanga.

Chuma nacho kina kikomo. Frank Shuman, Mmarekani aliyejenga mtambo wa vioo Maadi karibu na Cairo kusukuma maji ya Nile, alianza na boila za zinki. Joto likazilegeza, akalazimika kuweka za chuma cha kusubu kabla mtambo haujazinduliwa mwaka 1913. Ukiona bomba lako limelegea kama mrenda, usiongeze vioo.

Injini inaanza vizuri, dakika kumi inachoka

Hii ni ya Stirling, na karibu kila mara ni upande wa baridi. Injini hii haili moto, inakula tofauti kati ya moto na baridi. Upande wa baridi ukishapata moto, tofauti imekwisha. Mwagia maji upande huo. Ikirudisha kasi papo hapo umepata jibu, unahitaji maji yanayozunguka au mapezi makubwa zaidi. Isiporudi, tafuta uvujaji wa hewa kwa povu la sabuni.

Waliotumia kidude cha Peltier, kile cha kwenye majokofu madogo ya gari kinachoweza kugeuza tofauti ya joto kuwa umeme, huniambia kilitoa volti asubuhi na mchana kikafa. Vingi vyake vimeungwa kwa lehemu inayoyeyuka nyuzi 138. Umekichoma.

Vioo mbele ya paneli ya kawaida

Naulizwa kila wiki: nikiakisi jua la pili kwenye paneli, sitapata mara mbili? Utapata kidogo asubuhi, kisha itashuka. Seli za paneli hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayopanda. Pili, seli ndani ya paneli zimeungwa kwa mfuatano, na iliyopata mwanga kidogo ndiyo inayoamua mkondo wa zote. Kioo kilichomulika nusu ya paneli hakikuongezea kitu zaidi ya joto. Ukigeuza paneli ukakuta mgongo umekuwa wa kahawia mahali pamoja, vitoe vioo leo.

Lenzi ya televisheni kubwa

Lenzi bapa zenye mistari ya duara, zinazotolewa kwenye televisheni kubwa za zamani, ni za plastiki. Zikiachwa bila fremu zinajikunja kwa joto na doa linatanuka. Upande wenye mistari utazame jua ili doa liwe dogo. Ukishindwa na vumbi, geuza, na ukubali kupoteza kidogo. Ukiona mstari wa mwanga badala ya nukta, umeshika lenzi ya aina nyingine, na si ubovu.

Kila kitu kiko sawa, umeme ni kiduchu

Dishi letu lina mita za mraba 2.5. Siku nzuri hupokea wati 2,000 za mwanga wa moja kwa moja. Kioo kinakula sehemu, doa linamwaga sehemu, kipokezi kinapoteza sehemu. Tuseme zinabaki 1,200. Hizo zinatoa mvuke wa lita moja na nusu ya maji kwa saa. Injini ndogo ya nyumbani ikigeuza asilimia 5, ni wati 60, na baada ya dinamo ya pikipiki ni kama 40. Mwaka 2008, huko New Mexico, dishi lenye injini ya Stirling lilifika asilimia 31.25, lakini hiyo injini haikutengenezwa uani. Paneli ya kisasa yenye eneo hilohilo huandikwa wati 500 hivi. Kwa hiyo ukipata 40, usitafute ubovu, umefanya kazi nzuri. Mimi ninalo dishi kwa sababu ya maji ya moto na ya kupikia maharage, na simu nachajia kwenye paneli.

Kijana alikata bomba, akalaza mhimili, akapima ubao. Doa lilitoka la mviringo, akanitumia picha. Wiki iliyofuata akapiga tena: moto upo, injini inapumua lakini haizunguki. Nikamwambia apake povu la sabuni. Likatoka kwenye kifuniko, pembe ya kushoto, kwenye tundu lisilo na skrubu.

"Skrubu ulizozifungua siku ile," nikamwuliza, "ulizirudisha zote?"

"Ilibaki moja, fundi. Nikadhani ni ya ziada."